Januari ya Amaan

Kwa miaka mingi safari yetu ya Januari kwenda Unguja ilikuwa ya kumsalimia mama mdogo, Michenzani. Mpira ulikuwa nyongeza tu. Tukishashuka boti bandarini Malindi, mipango yote ilikuwa yake: nani tukamtembelee, nani tukampe pole, siku gani watoto wapelekwe kuogelea. Kombe la Mapinduzi, lililoanza mwaka 2007, lilitukuta huko huko. Simba au Yanga wakicheza Uwanja wa Amaan, wanaume walitoka baada ya sala ya alasiri, nasi tukabaki na redio na mbatata za urojo za kumenya.

Siku moja shemeji yangu alikosa mwenzake wa kwenda naye, nikachukua tiketi iliyobaki. Nilikaa jukwaa la Urusi. Wazoefu wa Amaan wanajua kwamba majukwaa yake yana majina, Saa, Orbit na Urusi, na kila moja lina watu wake. Nilichokiona siku hiyo redio haikuwahi kunipa: beki wa kulia akimwelekeza kipa kwa mkono mgongoni, bila kugeuka, uwanja mzima ukinyanyuka kabla mpira haujapigwa. Tangu hapo nikawa naulizia ratiba kabla ya nauli.

Hapo ndipo likizo yetu ilipogeuka. Januari ni kaskazi, jua kali na bahari iliyotulia, na mechi mara nyingi huwa mbili kwa siku: ya saa 10:15 jioni na ya saa 2:15 usiku. Kwa hiyo asubuhi yote ni ya pwani. Lakini pwani nayo ina ratiba yake. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji ya Paje na Jambiani hukupwa asubuhi mpaka karibu na mwamba, ukabaki na mchanga na mashamba ya mwani. Yanaporudi kujaa ni jioni, wakati timu zinaingia uwanjani. Siku hizo tunakwenda Nungwi au Kendwa, ambako bahari haikimbii mbali. Siku za maji mafu mambo hubadilika: saa nne na saa tano asubuhi Paje imejaa, watoto waogelee washibe, na saa nane mko kwenye daladala ya kurudi mjini. Nilizoea kuandika kalenda ya mwezi na ratiba ya mechi kwenye karatasi moja, na sijui njia bora kuliko hiyo mpaka leo.

Mama mdogo hakufurahi. “Mgeni gani huyu anayeaga kila jioni?” alinilalamikia. Nikamwambia, “Basi twende sote, mama.” Akacheka, akakataa, mwaka uliofuata akavaa buibui akatangulia mlangoni. Aliyempenda zaidi uwanjani si mchezaji, ni muuza kahawa. Kati ya mechi ya kwanza na ya pili Magharibi huingia, watu hutawadha kwa maji ya chupa, wakaswali nyuma ya jukwaa, na wakirudi wanamkuta yule mzee na dele lake, anagonganisha vikombe, kashata kwenye sahani. Kwangu muda huo una utamu sawa na mabao.

Tarehe 27 Desemba 2023 Rais Hussein Mwinyi aliifungua Amaan iliyokarabatiwa, viti kila mahali, taa kali. Mashindano ya Januari 2024 yalijaza mji. Fainali, Mlandege ya Unguja iliifunga Simba bao 1-0 na kulitetea kombe ililolitwaa mwaka uliotangulia. Mimi ni Simba tangu utoto. Niliumia, lakini nilipoona vijana wa Mlandege wanakimbilia jukwaani kwa mama zao, nilisimama nikapiga makofi kwa moyo safi. Ugumu wa mwaka huo ulikuwa malazi. Nyumba za wageni nilizozizoea zilikuwa zimejaa, na anayetaka mechi ya usiku hana budi kulala, maana boti za kasi za jioni huwa zimekwisha kuondoka.

Kisha 2025 mashindano yakahamia Pemba, Uwanja wa Gombani, yakachezwa na timu za taifa: Zanzibar Heroes, Kilimanjaro Stars, Kenya na Burkina Faso. Wenzetu wengi waliahirisha safari. Walisema Pemba haina hoteli, haina pilika. Tulikwenda. Kutoka Mkoani mpaka Chake Chake barabara inapanda na kushuka katikati ya mikarafuu, na asubuhi moja tulifika Vumawimbi, kupita msitu wa Ngezi, tukaukuta ufuo mzima hauna mtu. Usiku wa fainali, tarehe 13 Januari, mwezi ulikuwa mpevu. Heroes waliifunga Burkina Faso 2-1. Mtu wa Wete aliyekaa pembeni yangu, ambaye hatukuwa tumejuana, alinishika mkono akasema, “Dada, leo limebaki kwetu.” Mama mdogo, mzaliwa wa Pemba, alilia waziwazi.

Nimeshahudhuria na mechi za CHAN za Agosti mwaka huo huo pale Amaan, nikiwa na sweta kwa ajili ya upepo wa kusi. Mpira ulikuwa mzuri, Sudan waliifunga Nigeria 4-0. Lakini kama unaniuliza wakati wa kwenda, nitakwambia Januari.

Ombi langu ni kwa waandaaji. Shule za Bara hufunguliwa kabla au karibu na siku ya fainali, na ratiba ikichelewa kutoka, familia zinakata tamaa, viti vinabaki kwa wasio na watoto. Itoeni mapema, hata mwezi mmoja kabla, pamoja na jina la kisiwa. AFCON ya 2027 inakuja Tanzania, Kenya na Uganda, na wapo wazazi wengi watakaotaka kupanga likizo kama tunavyopanga sisi. Wapeni nafasi ya kupanga.