Kwanza Kiroboto, Ndipo Panya

Mtu akiniita kwake kwa sababu ya panya, swali langu la kwanza ni kama watoto wanajikuna usiku. Wengine huniona nimeanza kuzeeka vibaya. Wao wana magunia ya mahindi yaliyotobolewa, wana pakiti ya sumu mkononi, na mimi naulizia miguu ya watoto! Lakini maisha yangu ya kazi nimeyamalizia Iringa na Mbeya, nikiitwa bwana afya hadi leo, na jambo ninalolishikilia kuliko yote ni mpangilio: viroboto hutangulia kufa, panya hufuata.

Kiroboto wa panya hana haja na binadamu maadamu mwenyeji wake ana uhai. Panya akifa mwili hupoa, na viroboto wote waliokuwa manyoyani hushuka kutafuta damu nyingine. Huku kwetu panya huyo hufia darini, juu ya mahindi, au chumba kile kile wanacholala watu, maana ghala la nje huibiwa. Kwa hiyo baba anatega sumu, panya wanakufa, anafurahi. Siku chache baadaye mama analalamika kwamba mkeka haulaliki. Kama panya hao walikuwa wazima, balaa linaishia kwenye kujikuna. Kama walikuwa na tauni, baba ameihamisha kutoka darini hadi kitandani kwa mkono wake mwenyewe.

Kupima viroboto hakuhitaji maabara. Jioni naomba beseni jeupe, natia maji na sabuni ya unga kidogo, nasimamisha koroboi katikati juu ya kopo, palipo mbali na nguo na nyasi. Kiroboto huvutwa na mwanga. Akiruka hutua majini, na sabuni humzamisha. Kwenye maji matupu angeelea, akajiokoa. Asubuhi tunahesabu pamoja na mwenye nyumba, na hapo ndipo mabishano yanapokwisha, kwa sababu ameona kwa macho yake vile vidoa vya kahawia vilivyobanwa ubavuni kama vimepigwa pasi. Panya aliyenaswa hai tunamtia kwenye mfuko wa kitambaa pamoja na pamba yenye dawa ya usingizi, kisha tunamchana manyoya kwa mswaki juu ya beseni. Idadi ya viroboto inagawanywa kwa idadi ya panya. Kwa kiroboto anayeitwa Xenopsylla cheopis, wastani ukizidi mmoja kwa kila panya, tunakaa macho.

Vijana wanaoanza kazi hii hudhani tauni ni ugonjwa wa Lushoto. Nawaambia wafungue kumbukumbu. Taarifa za mwanzo za tauni katika nchi hii ni za Iringa, mwaka 1886, Mkwawa akitawala Uhehe na Wajerumani hawajajenga boma lao pale. Tazama mwaka huo vizuri. Alexandre Yersin aliwaona bakteria wa tauni kule Hong Kong mwaka 1894. Robert Koch alithibitisha tauni ya Kiziba, karibu na Bukoba, mwaka 1897. Na aliyeonyesha kwamba kiroboto ndiye mbebaji ni Mfaransa Paul-Louis Simond, huko Karachi, mwaka 1898: alimweka panya mgonjwa pamoja na viroboto kwenye chupa kubwa, akaning'iniza juu yake kizimba chenye panya mzima. Hawakugusana, lakini kiroboto aliruka, na yule wa juu akafa kwa tauni. Wakubwa wa sayansi hawakumwamini kwa miaka kadhaa. Waliougua Iringa mwaka 1886 walikufa wakati hakuna mtu popote duniani, mganga wala profesa, aliyejua kinachowaua. Simpendi mtu anayecheka maelezo waliyojipa.

Baadaye ugonjwa ulihamisha makao. Singida, Same, Hai, Mbulu na Karatu wote wameonja, lakini Lushoto ndiyo iliyoteseka zaidi: ulipolipuka huko mwaka 1980, ulirudi mwaka baada ya mwaka. Hesabu ya Tanzania kuanzia 1980 hadi 2011 ni wagonjwa 8,490 na vifo 675. Wataalamu wa panya wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, walifanya kazi kubwa milimani kule, na mwaka 2007 ulichapishwa utafiti ulionifanya nibadili namna ninavyokagua nyumba. Ulikuta kwamba vijiji vilivyoumizwa sana na tauni ndivyo vilivyokuwa na viroboto wengi wa binadamu, Pulex irritans, ndani ya nyumba. Huyu hangoji panya afe. Anaishi kwenye vumbi la sakafu na kwenye mikeka, na anaweza kumwuma mgonjwa kisha amgeukie aliyelala kando yake. Wanahistoria wanaobishana kuhusu tauni iliyoanza kuimaliza Ulaya mwaka 1347 nao wanarudi kwenye swali hilo hilo, kama panya peke yao wanatosha kueleza kasi ile.

Kwa nini milimani? Baridi ina mkono wake. Bakteria wa tauni wakiingia tumboni mwa kiroboto hujazana mlangoni mwa tumbo, wakafanya kizibo. Damu anayonyonya haipiti. Inarudi kwenye jeraha la mwenyeji pamoja na bakteria. Kiroboto anabaki na njaa, anauma tena na tena. Joto likizidi nyuzi 28 hivi, kizibo huwa hakikai vizuri. Sasa zihesabu Lushoto, Mbulu, Ituri kule Kongo, nyanda za juu za Madagaska, uone zinafanana nini. Iringa na Mbeya zina baridi hiyo, zina panya, na zina mahindi ya kuwanenepesha. Kwamba tauni imetulia huku si sababu ya kulala.

Na tauni siyo mzigo pekee wa kiroboto. Mbeya mtu akiwa na homa na kichwa kinachogonga, huambiwa ni malaria. Kipimo kikikataa, ni taifodi. Watu wachache sana wamewahi kusikia taifasi ya panya, ambayo kiroboto haiingizi kwa kuuma bali kwa kinyesi chake: unajikuna, unakisugua ndani ya kidonda. Damu za wananchi wa mkoa wa Mbeya zilizochukuliwa 2007 na 2008 zilipopimwa, karibu mtu 1 kati ya 10 alikuwa na dalili za kuwahi kukutana na vijidudu vya kundi la taifasi, na zaidi ya nusu walikuwa wamekutana na jamaa zao wanaobebwa na kupe. Hizo homa zote ziliandikwa nini kwenye madaftari?

Funza naye ni kiroboto, ingawa wengi hawaamini mpaka niwaonyeshe kwa kioo cha kukuzia. Alikuja Angola na meli kutoka Brazili mwaka 1872, akasafiri na misafara hadi pwani yetu kabla karne haijaisha. Yeye mwenyewe ni kero. Kinachoua ni pepopunda inayoingia kwenye tundu lake, na sindano moja ya kutolea funza inayozungushwa kwa watoto wote wa nyumba.

Nilipata kufanya kazi mahali ambapo kila msimu wa panya tuliletewa sumu ya shambani kwa wingi, hotuba zikatolewa, na dawa ya unga ya viroboto haikuwamo hata kwenye orodha. Panya anaonekana, anakula mali. Kiroboto hana mtetezi kwenye kikao. Mimi nilikuwa nagoma kugawa sumu ya majumbani mpaka unga wa pamethrini upatikane, unyunyizwe kwenye njia za panya, mashimoni, pembezoni mwa kuta na chini ya vitanda, upewe siku kadhaa, ndipo mitego na sumu vifuate. Nikaitwa mkaidi.

Panya wakianza kufa wenyewe, bila sumu, usiwashike kwa mkono mtupu wala usimrushie paka. Paka huugua tauni na kuileta kwa watu. Mwagie panya aliyekufa maji ya moto pale pale alipo, viroboto wafe naye, kisha umfukie kwa koleo na kumwarifu mtendaji wa kijiji siku hiyo hiyo. Ndani ya wiki moja akitokea mtu mwenye homa kali na mtoki unaouma kinenani au kwapani, asingoje kesho. Streptomaisini, jentamaisini au doksisaiklini humponya akiwahi. Bila dawa, kati ya wagonjwa 10 wa mitoki hufa 3 hadi 6. Na mkifika zahanati, msiishie kwenye homa. Mtajieni mganga na wale panya, kwa sababu kipimo cha malaria hakitamwambia.