Ukuta Ukigongwa Husema

Natoa ushuhuda huu kwa ajili ya wenye nyumba ya urithi na ndugu wanaovutana juu yake. Mimi nilikuwa mtu wa kubomoa. Kikichoka kitupwe, kikipasuka kiletwe kipya. Ndivyo nilivyoishi na vitu vya nyumbani na vya shuleni ninakofundisha, na ndivyo sisi watoto wa marehemu baba tulivyokubaliana kuhusu nyumba aliyotuachia Ngamiani, Tanga: ishushwe, ipandishwe safu ya fremu za maduka. Leo mimi ni mtu wa kutunza, na mageuzi hayo yalinikuta katika hoteli kuukuu katikati ya jiji la Dar es Salaam.

Nilikwenda Dar kukamilisha mkopo wa ujenzi. Ofisi zote nilizozihitaji ziko mjini, kwa hiyo nikatafuta malazi ya bei nafuu ambayo ningetoka na kurudi kwa miguu. Nikapata hoteli ya ghorofa chache katika mtaa wa nyuma ya Barabara ya Samora, si mbali na Mnara wa Saa, ule uliojengwa kukumbuka Dar ilipopewa hadhi ya jiji mwaka 1961. Hoteli yenyewe ni ya rika hilo. Ngazi zake za tarazo zimelika katikati kwa nyayo za watu. Mbao za kushikia zinang'aa kwa viganja vya miaka yote hiyo. Rangi ya ukutani imepauka, kiyoyozi hakuna, na bafuni imewekwa ndoo ya maji ya akiba. Lakini shuka zilikuwa safi na zimepigwa pasi, na chandarua hakikuwa na tundu hata moja.

Ilikuwa miezi ya kaskazi, joto la Dar likiwa juu, na nilijua nitakesha. Mama mmoja wa usafi wa hoteli akaniambia, "Dada, fungua dirisha, na kile kidirisha cha juu ya mlango ukiache wazi. Usivifunge vyote viwili." Nikafanya hivyo. Upepo ukaingia upande wa barabarani ukatokea upande wa ukumbini, nami nikalala hadi adhana ya alfajiri.

Asubuhi nikasikia mtu anagonga kuta. Nikatoka. Ukumbini alikuwapo mzee mwenye nyundo ndogo na kipande cha chaki, anakwenda hatua kwa hatua, anagonga, anainamisha sikio, anaendelea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nimekuamsha?"

"Hapana, nilishaamka. Unatafuta nini ukutani?"

"Sitafuti. Nausikiliza."

Akanipa nyundo. "Gonga hapa. Haya, gonga na hapa." Pa kwanza sauti ilikuwa kavu, imeshiba. Pa pili ilirudi tupu kama ya mtungi usio na maji. Akazungushia chaki. "Hapo plasta imeachana na zege. Kwa macho huoni kitu. Ukingoja uone, umechelewa."

Akanieleza kwa utaratibu, kama mwalimu aliyepata mwanafunzi. Hewa ya baharini ina chumvi. Chumvi na unyevu vikipenya kwenye zege hufika kwenye nondo, na chuma kikishika kutu huvimba. Kikivimba hulipasua zege kutoka ndani, maji yakapata njia pana zaidi, kutu ikazidi. Ndiyo maana yeye hulikamata jambo lingali na ukubwa wa kiganja: anabandua, anasugua kutu mpaka chuma king'ae, anapaka rangi ya kuzuia kutu, anaziba. Kisha anapanda juu ya paa kuzoa majani yasizibe mifereji ya mvua. "Jengo unalolisikiliza kila siku halikushtukizi," alisema.

Mimi ninayewafundisha watoto kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, nilikuwa sijawahi kukutana na mtu aliyeishi kwa maneno hayo maisha yake yote.

Akanizungusha. Nikaona kwamba jengo limeelekeza pande zake nyembamba mashariki na magharibi, ambako jua likiwa chini huchoma kuta, na pande zake pana limezielekeza kaskazini na kusini. Juu ya madirisha kuna vizuia jua vya zege vinavyotia kivuli. Kwenye ngazi, ukuta umejengwa kwa matofali ya matundu ili hewa isisimame. Aliyelichora alizijua kaskazi na kusi, akazipa njia ya kupita. Usingizi wangu wa usiku ule ulikuwa umefikiriwa na mtu kabla sijazaliwa, na mzee huyu na yule mama walikuwa wameulinda hadi ukanifikia.

Hapo ndipo nilipomweleza habari za nyumba yetu.

"Ya mawe gani?"

"Ya matumbawe, kwa chokaa."

"Mmeipaka saruji?"

Nikamwambia ndiyo, kuta za chini, chokaa ilipoanza kudondoka. Akatikisa kichwa kwa huruma. Jiwe la baharini hunywa maji, alisema, na chokaa huyaacha yatoke. Saruji huyafungia ndani. Maji yakikosa pa kutokea hupanda juu, chumvi ikaisukuma plasta mpaka ikabanduka, na watu wakasema nyumba imezeeka. "Hiyo nyumba yenu imezibwa pumzi, mwanangu. Kabla hujaibomoa, nenda kalitazame Boma la Kale."

Nikaenda. Boma la Kale, karibu na bandari, lilijengwa mwaka 1866 na 1867 kuwalaza wageni wa Sultani Majid wa Zanzibar. Nalo lilianza kama nyumba ya wageni, na kuta zake ni za matumbawe na chokaa, vitu vilevile alivyojengea baba. Lilikuwapo kabla ya Wajerumani, likawaona Waingereza wakija na kuondoka, na bado limesimama. Nikaendelea hadi Kivukoni, nikaitazama Hoteli ya Kilimanjaro, iliyofunguliwa 1965, ikaja kukarabatiwa upya na kufunguliwa tena 2005. Nikaona kuna njia mbili za kuliokoa jengo: fedha nyingi kwa mara moja, au mkono mmoja kila siku. Ya kwanza sikuwa nayo. Ya pili ilikuwa ndani ya uwezo wangu.

Mkopo sikuutia saini. Nilirudi Tanga nikaomba kikao cha familia. Kaka yangu mkubwa alinipinga, na hoja yake ilikuwa ya haki: nyumba ya kumbukumbu hailipi ada za watoto. Tulisemezana hadi tukakubaliana kwamba chumba kimoja cha mbele kifunguliwe mlango wa barabarani kiwe duka la kupangisha, na kodi yake ndiyo itengeneze nyumba. Tukamtafuta fundi mzee anayejua kuchanganya chokaa, tukamwekea kijana wa kujifunza kwake. Walibandua saruji, wakaziacha kuta zikauke kwa muda mrefu, kisha wakapaka chokaa tabaka kwa tabaka. Boriti zilizooza zikabadilishwa. Ule ukumbi wa katikati, unaotoka barazani moja kwa moja hadi uani, ulikuwa umezibwa kwa makabati. Tukayaondoa, na upepo ukarudi. Jioni wapwa zangu huja kufanyia kazi zao za shule hapo barazani.

Na mimi nimegeuka pia. Nina daftari la nyumba: kila mwezi nazunguka, nagonga, naandika. Shuleni madawati yaliyovunjika yalikuwa yakirundikwa nyuma ya madarasa. Sasa wanafunzi wa madarasa ya juu na fundi seremala wa mtaani wanayatengeneza, na mtoto aliyepigilia msumari dawati lake halichori kwa kisu. Namshukuru Mungu kwa mzee yule.

Basi ndugu msomaji, kama una nyumba ya wazazi iliyochoka, usianze na mchoro wa jengo jipya. Kabla ya masika, panda uone maji ya mvua yanapita wapi. Gonga kuta. Uliza zilijengwa kwa vifaa gani, na uzitengeneze kwa hivyo hivyo. Mtafute fundi wa chokaa angali hai, umlipe vizuri, na umkabidhi kijana wa kurithi mikono yake, maana ujuzi huo ukizikwa naye hakuna mkopo utakaoununua. Ukiona baada ya hapo kwamba haiwezekani, bomoa kwa amani. Ila uwe kwanza umeisikiliza.