Watu Waongezeka, Nchi ni Ile Ile: Safari katika Kaunti Nne za Magharibi ya Kenya

Wasomaji wengi wamepata kusikia kwamba magharibi ya Kenya kuna watu wengi, lakini si wengi wajuao jinsi watu hao walivyoenea juu ya nchi, wala kwa nini mahali pamoja pamejaa kuliko pengine. Nchi hiyo, ambayo kwa miaka mingi iliitwa Mkoa wa Magharibi, leo ni kaunti nne: Vihiga, Kakamega, Bungoma na Busia. Ukubwa wake wote ni kilomita za mraba 8,300 hivi. Magharibi imepakana na Uganda. Kaskazini umesimama Mlima Elgon wenye kimo cha mita 4,321. Mashariki kuna magenge ya Nandi. Na kusini-magharibi nchi yateremka hata ufuoni mwa Ziwa Viktoria.

Msafiri atokaye Kisumu kwa barabara ya Kakamega hupanda mlima, na aonapo majabali makubwa yamepandana kama yaliyopangwa kwa mikono, ajue amefika kwa Wamaragoli, katika kaunti ya Vihiga. Hapo haoni mbuga wala pori. Boma lafuata boma, na katikati mna vipande vya mahindi na maharagwe, migomba, majani chai, na nyasi za kulishia ng'ombe. Mvua hupata milimita 1,900 hivi kwa mwaka, nayo huja kwa misimu miwili, hata mkulima aweza kuvuna mara mbili. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya watu kujaa.

Sababu ya pili ni mipaka. Zamani ukoo ulipozidi, vijana walitoka wakafyeka msitu mahali papya. Lakini serikali ya kikoloni ilitenga nchi za Uasin Gishu na Trans Nzoia kwa walowezi wa Kizungu, na wenyeji wakawekwa katika rizavu. Njia ya kutoka ikazibwa upande huo, na baba akalazimika kuwagawia wanawe shamba lile lile alilopewa na babu. Katika miaka ya 1950 Wamaragoli kadhaa walihamia Kigumba, Uganda. Na wakati wa uhuru wengine walipata mashamba Lugari, yaliyokuwa ya walowezi. Hata hivyo waliobaki walikuwa wengi zaidi.

Sasa tutazame hesabu. Mwaka 1969 mkoa wote ulikuwa na watu milioni 1.3 hivi. Mwaka 2009 walikuwa 4,334,282, na katika hesabu ya Agosti 2019 walifika 5,021,843. Yaani katika miaka 50 watu wamekaribia kuwa mara nne, na nchi haikuongezeka hata shubiri moja. Katika Vihiga kila kilomita moja ya mraba ilikuwa na watu 1,047, hali wastani wa Kenya nzima ulikuwa watu 82.

Lakini hapa pana jambo la kumshangaza msomaji. Kaunti hiyo iliyojaa kuliko zote nne ndiyo iliyoongezeka kwa uchache kuliko zote. Tangu 2009 hata 2019 Vihiga ilitoka watu 554,622 ikafika 590,013, yaani nyongeza ya watu 6 hivi kwa kila 100. Kakamega iliongeza 12 kwa kila 100, Busia 20, na Bungoma 21. Mtungi uliojaa hauongezwi maji yasimwagike: vijana wa Vihiga huenda Nairobi, Kisumu, Eldoret na kwingineko kutafuta kazi. Tena watoto wanaozaliwa wamepungua katika Kenya yote. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke alizaa kwa wastani watoto 8, na mwaka 2022 wastani ulikuwa 3.4.

Tukiendelea kaskazini twapita Kakamega, yenye mashamba ya miwa, na mashariki yake msitu mkubwa ambao ni baki la misitu ya mvua iliyoungana zamani na ile ya Kongo. Mbele ni Webuye, mahali mto Nzoia unapoporomoka juu ya miamba, kisha mashamba mapana ya mahindi ya Bungoma. Huko nafasi ni kubwa kidogo, wala si bila taabu. Katika miteremko ya Elgon ugomvi juu ya ugawaji wa ardhi ya Chepyuk ulimwaga damu nyingi kati ya 2006 na 2008. Nao mto Nzoia, ukifika Budalangi katika Busia, hupita nchi tambarare katikati ya kingo za udongo. Mvua ikizidi milimani, maji hufurika huku chini, kama ilivyokuwa 2007 na 2020, na maelfu ya watu huhama makwao. Nchi hiyo ya mabondeni ina rutuba, kwa hiyo maji yakipungua watu hurudi kulima.

Basi yafaa tufahamu kwamba kaunti hizi nne ni kama nyumba moja yenye vyumba vinne. Msitu ukikatwa mlimani, udongo huishia kwa jirani wa ziwani. Chumba kimoja kikijaa, watu huhamia kingine, au hutoka nje kabisa. Mzee mwenye ekari moja na wana wanne hawezi kumpa kila mmoja shamba la kumlisha. Robo ekari yatosha nyumba, kisima na kaburi. Urithi awezao kuwapa wote bila kuupunguza ni elimu na ufundi wa kazi, na lile shamba libaki zima mikononi mwa atakayelilima vizuri. Wazee wa koo nyingi wanalijua jambo hili, ila ni zito kulitamka mbele ya wana. Heri litamkwe baba akiwa hai, kuliko kuamuliwa na mahakama baada ya matanga.