Chumvi Haikupotea

Mimi ni katekista, nami nilisoma seminarini miaka kadhaa kabla ya kurudi nyumbani na kuoa. Huko padri mmoja alitufundisha habari za maji na vitu viyeyukavyo ndani yake, nami nikapata alama nzuri. Nawaambieni hayo mapema ili mjue kwamba aliyekosa hapa si mtu asiyesoma.

Tuanze na kikombe cha chai. Watia sukari, wakoroga, nayo haionekani tena. Watoto wangu husema, «Imekwisha.» Lakini onja: imo yote. Imegawanyika kuwa vipande vidogo mno, jicho haliwezi kuviona, na kila kimoja kimezungukwa na maji. Maji ndiyo kiyeyushi, sukari ni kiyeyushwa, na vyote viwili pamoja huitwa myeyusho. Uji si hivyo: uache usiku kucha, nao unga utakaa chini. Kahawa ni nusu kwa nusu: rangi na uchungu vyayeyuka, machicha yabaki. Na mawese, hata uyakoroge mpaka mkono uchoke, yatapanda juu ya maji.

Si vitu vyote vinavyopenda moto sawasawa. Litri moja ya maji ya baridi hupokea karibu kilo 2 za sukari, na yakiwa moto hupokea zaidi sana. Chumvi huishia karibu gramu 360, na moto hauongezi ila kidogo. Hewa ndiyo kinyume kabisa: chupa ya limonadi iliyokaa juani, ukiifungua, yakurukia usoni, kwa maana hewa iliyoyeyuka ndani haikai katika maji ya moto, tena kizibo kilichoisonga kimeondoka. Sisi wa Kivu tuna chupa kubwa kuliko zote. Katika vilindi vya ziwa letu zimeyeyuka hewa nyingi, pamoja na ile ya limonadi, nazo hushikwa huko chini kwa uzito wa maji yaliyo juu yake. Lakini ziwa lina habari yake. Nirudi kwenye chumvi.

Mwaka jana, wakati wa mvua, binti yetu wa miaka miwili alishikwa na kuhara. Bibi yangu alikuwa shambani. Nilijua kwamba mtoto wa namna hiyo hupewa maji yenye sukari na chumvi. Basi nikatia maji litri moja katika sufuria, nikatia kijiko cha chumvi kilichojaa mpaka juu, na sukari vijiko viwili tu, kwa sababu sukari ilikuwa karibu kwisha. Halafu, ili niue vijidudu vyote, nikachemsha mchanganyiko huo muda mrefu. Ukawa mweupe safi kama maji ya chemchemi. Sikuonja.

Mtoto akanywa, akatapika, akataka tena kunywa kwa pupa. Nikafurahi kwamba anapenda dawa. Kumbe ilikuwa kiu. Jioni midomo yake ilikauka, akalia bila machozi. Tukambeba mbio mpaka kituo cha afya.

Masera aliyetupokea alianza kumnywesha mara moja, kidogo kidogo kwa kijiko, kisha akaniuliza, «Mwalimu, ulipima?» Nikamweleza yote. Akanyamaza kidogo, akasema, «Mvuke ulipotoka, chumvi ilitoka nao?»

Nikaona haya. Mvuke ni maji matupu. Chumvi hubaki sufuriani, na maji yakipungua yeye huzidi ukali. Na ndani ya tumbo, maji yenye chumvi nyingi huvuta maji ya mwili yatoke, badala ya kuyaingiza. Kipimo chake ni hiki: maji safi litri moja, yaliyochemshwa kwanza na kupozwa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vimesawazishwa kwa kisu. Yaonjwe: yasipite machozi kwa chumvi. Sukari si ya utamu tu. Katika ukuta wa utumbo, sukari na chumvi huingia mwilini pamoja kwa mlango mmoja, na maji huzifuata. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi wa Bengali huko Bangaon, nchi ya Uhindi, daktari Dilip Mahalanabis alikosa maji ya kutosha ya kutia mishipani. Akawanywesha wagonjwa wa kolera maji ya namna hiyo. Walikuwa wakifa karibu 30 katika 100. Wakawa chini ya 4.

Na mimi, niliyekuwa na alama nzuri, nilikuwa nimeyaona hayo nikingali mdogo, kabla ya seminari. Wakati wa vita, chumvi ilipokosekana dukani, nyanya yangu alichoma majani ya bwawani, akatia majivu katika kapu, akamwagia maji polepole. Maji yaliyodondoka chini yalichukua chumvi, majivu yakabaki kapuni. Kisha akayachemsha mpaka yakaisha, na chini ya chungu ikabaki chumvi ya kijivu, nasi tukailamba. Hakuna aliyemwambia kwamba imepotea ndani ya maji. Alijua iko wapi, akaifuata.

Usiku ule tulikaa na kikombe na kijiko, mimi na bibi yangu kwa zamu, kijiko kimoja, tunangoja, kingine. Hakunilaumu, na hilo lilinichoma zaidi. Karibu na alfajiri mtoto alilowesha nguo ya mama yake kwa mkojo. Bibi yangu akaishika ile nguo mbichi, akacheka kwa sauti, hata wagonjwa wengine wakaamka.