Jiwe jeupe la Mayi ya Moto lililofika Kisenge

Hapa Kisenge jiwe halipiti bila kuulizwa bei. Tumekulia karibu na manganezi, jiwe jeusi, zito, linalochafua mikono kama makala. Wazee wetu walilipakia kwenye treni kwenda Lobito mpaka mwaka 1975, vita vya Angola vilipofunga reli. Hata mtoto wa hapa anajua: jiwe ni pesa, ama lilikuwa pesa.

Ndiyo maana wiki mbili zilizopita kijana mmoja wa kata yetu alinijia mbio. Alisema kuna mama mkimbizi wa vita aliyefika na jiwe la ajabu, jeupe, lenye matundu. Yeye aliamini ni litiamu kama ile ya Manono, na tayari mnunuzi mmoja alikuwa ametaja bei. Mama alikataa kuuza. Basi kijana akaniomba niende nimshawishi.

Nilimkuta mama kwenye baraza akichambua sombe. Jina lake silitaji, ameniomba hivyo. Ametoka Rutshuru, akapita kambi za upande wa Goma, kisha akamfuata mume wake aliyetangulia kutafuta kazi Kolwezi, na sasa wako kwetu. Alinitolea jiwe ndani ya kitambaa. Ni jepesi kuliko nilivyofikiri, na ukilitazama kwa ubavu unaona mistari myembamba, mmoja juu ya mwingine, kama kurasa za kitabu.

“Si la kuuza, ndugu wa radio,” aliniambia. “Ni la Mayi ya Moto. Baba yangu aliliokota kule nikiwa mtoto. Nyumba imebaki, shamba limebaki. Hili ndilo nilitoka nalo.”

Mayi ya Moto iko tarafa ya Rutshuru, ndani ya hifadhi ya Virunga. Maji yanatoka ardhini yakiwa ya moto sana. Nilimwomba mama ndimu moja. Nikakwangua jiwe kidogo kwa kisu, nikadondoshea maji ya ndimu juu ya unga ule. Likatoa povu dogo, likanong’ona.

“Si litiamu, mama,” nikasema. “Ni chokaa.”

Kijana alikasirika, akaenda zake. Lakini mama alitaka kujua povu lile ni nini. Nikamweleza ninachokijua. Maji ya mvua yanashuka chini sana, yanakutana na joto la volkano na gesi inayotoka kule ndani. Gesi ile ikiwa ndani ya maji, maji yanaweza kubeba chokaa iliyoyeyuka. Yakifika juu, gesi inatoroka kama ya chupa ya soda iliyofunguliwa. Chokaa inakosa wa kuibeba, inashuka, inakuwa jiwe. Leo ukoko mmoja, kesho mwingine. Mwenye birika la zamani ameuona ukoko kama huo ndani yake. Kwingine maji yanaacha silika, ndugu wa kioo, kama kwenye volkano ya Yellowstone kule Marekani, ambako chemchemi zinarusha maji juu hewani. Hata karibu zaidi, Loburu kwenye ziwa Bogoria nchini Kenya, maji yanaruka vilevile.

Na kwetu Katanga, mwaka 1952, maji ya moto ya Kiabukwa yalizungusha mtambo wa umeme wa kilowati 200 kwa ajili ya machimbo ya bati.

Mama alinisikiliza, kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia: “Gesi hiyo ikitoka kwenye maji, inaenda wapi?”

Nikamwambia inapotea hewani. Ila ikitoka mahali pa shimo na hakuna upepo, inalala chini, maana ni nzito kuliko hewa. Haina rangi, haina harufu. Kule Kivu wanaiita mazuku.

Akanyamaza. Akaacha sombe. Ndipo akanisimulia.

Kambini, mtoto wa dada yake alitoka alfajiri kutafuta kuni. Walimkuta bondeni amelala kama mwenye usingizi, bila jeraha. Siku iliyotangulia alikuwa amegombana na bibi mmoja mzee wa hema la jirani. Watu wakasema bibi amemloga. Bibi alifukuzwa na mawe. “Na mimi nilirusha,” mama akasema. Bibi yule alikuwa shangazi ya mume wake.

Sikuwa na la kujibu. Mimi sikuwepo, na sikuona bonde lile. Nilimwambia hilo wazi. Lakini mama mwenyewe alikumbuka: asubuhi ile ukungu ulikuwa umelala, hakuna upepo, na mbuzi wawili walikuwa wamekufa palepale juma moja kabla. “Mbuzi nao waligombana na nani?” akauliza, si mimi aliyekuwa akimuuliza.

Jioni alikuja nyumbani kuomba simu. Namba ya shangazi haikupita. Akapata ya binti yake. Alizungumza Kinyabwisha, sikuelewa, ila nilisikia anasema “mazuku” mara nyingi. Aliporudisha simu aliniambia tu: “Amesema atamwambia. Hajasema kama atanipokea.”

Jiwe bado liko kwake. Mnunuzi hakurudi.

Ndugu wasikilizaji, wenye jamaa upande wa Goma, Sake na kandokando ya ziwa Kivu, pitisheni habari hii. Msilaze watoto mahali pa bonde. Alfajiri isiyo na upepo, msishuke kwenye mashimo kutafuta kuni wala maji. Mkiona mbuzi, panya ama ndege wamekufa pamoja bila jeraha, ondokeni, mpande juu. Na mtu akianguka, msiinamie kumwokoa mmoja mmoja, mtaanguka nyote. Iteni watu wanaojua mahali hapo.

Na kabla ya kuokota jiwe la kumrushia mzee wa watu, ulizeni kwanza upepo ulikuwa wapi siku ile.