Paka Hatafutwi kwa Mwano

Tangu tarehe 10 Juni 2024, sheria ya England inamtaka kila anayefuga paka amwekee chipu chini ya ngozi kabla mnyama hajafikisha wiki 20, na anayekaidi anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 500. Tanzania nayo ina sheria ya mwaka 2010 ya utambuzi, usajili na ufuatiliaji wa mifugo, na hereni zenye namba huvishwa ng'ombe. Kila nchi imempa namba mnyama ambaye kupotea kwake kunaiuma. Usukumani ng'ombe ni mahari, ada ya shule na akiba ya uzeeni, kwa hiyo sioni haki ya mtu wa ughaibuni kuwabeza watu wa nyumbani kwamba hawajali paka. Lakini maisha ya Kahama, Shinyanga mjini na Geita mjini yamebadilika. Wapo watumishi na wafanyakazi wa migodi wanaoishi kwenye nyumba zenye uzio na kufuga paka asiyetoka nje, na wapo wafanyabiashara wa mpunga na mahindi wanaomfungia paka ghalani usiku na mchana alinde magunia. Paka wa namna hiyo akichoropoka mlangoni, anaingia mahali asipopajua hata kidogo, na namna tunavyomtafuta ndiyo mara nyingi inayompoteza.

Nyumbani jibu la kwanza ni "atarudi tu", na asiporudi, watoto wa mtaa mzima wanatumwa kumwita kwa sauti. Huku Ulaya jibu ni vifaa: picha kwenye nguzo za taa, tangazo mtandaoni, kupiga simu vituo vya kuhifadhi wanyama, kuhakiki namba ya chipu. Ndugu akituambia kwa WhatsApp kwamba paka ametoroka Geita, tunamshauri kwa mazoea ya huku, kana kwamba tatizo la nyumbani ni ukosefu wa vifaa. Ninavyoona mimi, vifaa vina nafasi ndogo. Kinachompata paka wa ndani ni mtu kwenda polepole, kwa kunyamaza, akichungulia kila tundu la nyumba za jirani. Na kwa kazi hiyo mtaa wa Kahama una utajiri ambao mtaa wa London hauna.

Ushahidi upo. Mwaka 2018 jarida la kisayansi liitwalo Animals lilichapisha utafiti uliochunguza visa vya paka 1,210 waliopotea. Ndani ya mwaka mmoja walipatikana 61 kati ya kila 100, na theluthi moja ya paka wote walikuwa wamepatikana wakiwa hai katika siku 7 za kwanza. Robo tatu ya waliopatikana hawakuwa wamevuka mita 500 kutoka walipotorokea, na wale ambao hawakuzoea kutoka walikuwa karibu zaidi kuliko wenzao wanaozurura. Paka wadadisi mara nyingi walikutwa ndani ya nyumba ya mtu mwingine. Watafiti walihitimisha kwamba kutafuta kwa miguu, kwa makini, kunaelekea kuongeza uwezekano wa kumpata mnyama akiwa hai. Utafiti mwingine, wa Marekani mwaka 2012, ulionyesha kwamba katika paka waliopatikana, takriban 2 tu kati ya 100 walitoka kwenye vituo vya wanyama. Chipu ina faida yake, lakini haisomeki mpaka mtu awe amemshika paka na kumfikisha kwenye mashine. Anayebaki chini ya ngazi ya jirani kwa siku 4 hasaidiwi na namba iliyo begani mwake.

Kwa nini kunyamaza? Paka aliyeshtuka mahali pageni hakimbii mbali. Anajibana kwenye upenyo wa kwanza anaoukuta na kukaa kimya, hata sauti ya anayemlisha haimtoi, kwa sababu kulia ni kujitangaza kwa adui. Umati ukipita ukipaza sauti, anazidi kujibana au anafurumuka na kwenda mbali zaidi. Hapo ndipo mila yetu nzuri inapogeuka kuwa kikwazo. Wasukuma na Wanyamwezi wana mwano, yowe la hatari linalowakusanya wanaume wa vijiji kufuata nyayo za ng'ombe walioibwa. Kwa mwano huo na filimbi, walinzi wa vijiji waitwao sungusungu, walioibuka Shinyanga na Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, walipambana na wizi wa mifugo hadi sheria ikawatambua mwaka 1989. Ng'ombe anaacha nyayo, mwizi anaogopa kelele, na wingi wa watu ni nguvu. Kwa paka hakuna hata moja kati ya hayo linalofaa.

Ila nyuma ya mwano kuna kitu ambacho ni dhahabu: jirani anayeona kwamba mali yako iliyopotea inamhusu. Hapo ndipo Ulaya ilipo maskini. Bustani ya nyuma imezungushiwa uzio, jirani hujui jina lake, na huwezi kuchungulia banda lake bila ruhusa. Picha kwenye nguzo ni njia ya kusema na watu ambao hukuwahi kusema nao. Kwenye nyumba ya kupanga ya Kahama vyumba vinazunguka ua mmoja, na kila mtu anajua nani ana ufunguo wa stoo ya mkaa, nani amesafiri na kuacha chumba kimefungwa, dari ya nani imeachia. Nusu ya kazi ya mtafutaji wa huku ni kupata habari hizo.

Wapo watakaosema paka hurudi mwenyewe, na hawajakosea kabisa: katika utafiti ule wa Marekani, 59 kati ya kila paka 100 waliopatikana walirudi bila kuletwa. Lakini hesabu hiyo imechanganya paka wote, wakiwemo wanaojua kila ukuta wa mtaa. Aliyelelewa ndani hana njia anayoikumbuka. Tena huku watu huacha mlango wazi kidogo usiku ili aingie, jambo ambalo Geita hakuna mwenye akili atakayelifanya. Badala yake weka nje, karibu na mlango aliotokea, nguo aliyokuwa akilalia na dagaa wa ziwani, au mwombe fundi wa kuchomelea akutengenezee kizimba cha wavu chenye mlango unaojifunga.

Pingamizi zito ni lingine. Huku wataalamu hushauri kutafuta usiku wa manane kwa tochi, kwa kuwa macho ya paka hung'aa. Mwambie hivyo mama mzee wa Shinyanga na unaweza kuwa umemtia hatarini. Katika mkoa huo na ule wa Geita wazee, hasa wanawake, wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu kutokana na moshi wa jikoni. Mtu anayenyemelea nyuma ya nyumba za watu usiku akimtafuta paka, tena pengine mweusi, hawezi kutegemea kwamba ataulizwa kwanza. Kwa hiyo ushauri huo usichukuliwe mzimamzima. Mwenyekiti wa mtaa au mjumbe aarifiwe mchana, majirani wajulishwe mmoja mmoja, na upekuzi ufanyike alfajiri kukipambazuka au jioni mwenye nyumba akiwepo, ikiwezekana yeye ndiye ashike tochi. Tochi inafanya kazi hata mchana, kwenye giza la dari na chini ya vitanda.

Kuna pia wanaouliza kama haya si anasa kwenye eneo lenye shida kubwa zaidi. Mwenye ghala atawajibu kwa hesabu ya magunia yaliyotobolewa na panya. Tena paka mwenye hofu anayekamatwa na watoto huuma, na paka naye anaweza kubeba kichaa cha mbwa. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni dakika 15 na kwenda hospitali bila kusubiri. Katika machimbo kama Rwamagasa na Nyarugusu haraka ina sababu nyingine: maduara, yaani mashimo ya wachimbaji, yaliyoachwa wazi, kelele za makarasha yanayosaga mawe zinazomfukuza mnyama mbali zaidi, na panya waliokula sumu, ambao paka mwenye njaa atawala bila kujua.

Kwa hiyo ndugu akipiga simu kutoka Kahama au Geita, tusikimbilie kutuma pesa za kuchapisha picha. Tumuulize paka alitokea mlango upi, kuna nini ndani ya hatua 20 za mlango huo, na ni stoo ya nani iliyofungwa jioni ile bila kuangaliwa ndani.