Ukitaka Sanaa, Panda Basi la Nachingwea

Kila mwaka ifikapo Machi, wenye fedha na wapenzi wa sanaa hukutana Hong Kong. Maonesho ya Art Basel Hong Kong, yaliyoanza mwaka 2013, hujaza jumba kubwa la mikutano la Wan Chai, kando ya bahari. Wauza sanaa kutoka pande zote za dunia hukodi vibanda humo ndani. Siku za mwanzo ni za wageni waalikwa. Mwananchi wa kawaida hukata tiketi akaingia baadaye, wakati walionacho wameshachagua. Bei nyingi hazibandikwi ukutani. Ukitaka kuijua unamsogelea mwenye kibanda na kumuuliza taratibu, naye anakutazama viatu kwanza kabla ya kukujibu.

Sina ugomvi na Hong Kong. Ila Mtanzania anayehangaika na tiketi ya ndege ili akaione sanaa ya kisasa Asia ameruka mahali ambapo nauli yake ingemtosha kwenda na kurudi na chenji ikabaki. Apande basi la kusini. Afike Nachingwea, na asiishie hapo: aulizie usafiri wa Kilimarondo.

Nikisema hivi mbele ya watu wa Dar es Salaam huwa nachekwa. Kilimarondo? Kule kwenye vumbi na tembo? Naam, huko huko. Kilimarondo iko magharibi ya wilaya ya Nachingwea, mkoa wa Lindi, ambako mashamba yanakwisha na pori la kuelekea Liwale na Tunduru linaanza. Na upande huu wa kusini si mgeni kwa wenye majumba ya sanaa, hata kama hawajawahi kulisikia jina la Kilimarondo: wanawajua wasanii wake.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 Tunduru, kijiji cha Namochelia, sehemu ambayo leo wasafiri wa barabara ya Masasi na Tunduru wanaifahamu kwa jina la Nakapanya. Baba yake Mngindo, mama yake Mmakua. Wangindo ndio hao hao utakaowakuta ukizunguka Liwale na pembe hizi za Nachingwea, wakichanganyika na Wamwera, Wayao na Wamakonde hadi ni kazi kutambua nani ni nani. Kijana aliondoka kwao kama walivyoondoka vijana wengi wa kusini, akaenda kukata mkonge Tanga, kisha Dar es Salaam. Mwaka 1968 akaanza kuchora wanyama na ndege kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi za kupakia baiskeli, picha zikauzwa nje ya duka la Morogoro Stores, Oysterbay. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania mwizi, akafa. Kazi ya miaka minne tu, lakini wanafunzi wake, wengi wao ndugu na jamaa waliotoka huko huko kusini, waliishika, na mwaka 1990 wakaunda chama chao cha ushirika. Leo jina la mtu huyo limekuwa jina la mtindo, na picha zake zinatundikwa hadi Japani.

Msanii wa pili wa kusini ni George Lilanga, Mmakonde aliyezaliwa mwaka 1934 Kikwetu. Huyu alianza na uchongaji. Alipofika Dar es Salaam alipata kazi ya ulinzi pale Nyumba ya Sanaa, nyumba iliyoanzishwa mwaka 1972, na haukupita muda mrefu mlinzi akawa msanii mkubwa kuliko wengi aliokuwa akiwalinda. Mashetani yake yenye masikio mapana na matumbo ya kuchekesha, yanayochezacheza kwa rangi kali, yalifika Washington mwaka 1978. Alifariki mwaka 2005. Mwaka uliofuata, maonesho makubwa ya sanaa ya Afrika yaliyoitwa Africa Remix yalipofika jumba la Mori, Tokyo, kazi zake zilikuwamo. Kwa hiyo Asia ilishatufuata zamani. Sisi ndio hatujaifuata Kilimarondo.

Safari yenyewe ni tamu kwa anayependa dirisha. Walioijua njia ya kusini kabla ya mwaka 2003 watakusimulia habari za kivuko cha Ndundu na matope ya Rufiji, na jinsi watu walivyolala njiani. Daraja la Mkapa lilimaliza hadithi hizo. Siku hizi unapita Somanga, unanunuliwa samaki wa kukaanga dirishani na jirani ambaye hamkujuana saa mbili zilizopita, unapita Nangurukuru, unaiona bahari ya Lindi ikijitokeza mkono wa kushoto. Pale Mnazi Mmoja njia inagawanyika: huku Mtwara, huku Masasi. Wa Nachingwea tunashika ya Masasi, kisha pale Nanganga tunakata kulia kupitia Ruangwa. Wengine hupitia Masasi mjini, na siwalaumu, maana majabali ya Masasi yaliyoinuka peke yake juu ya nchi tambarare ni kitu ambacho mtu hachoki kukitazama.

Nachingwea mjini kuna kata inaitwa Stesheni. Mgeni atauliza: stesheni ya nini, mbona sioni reli? Reli ilikuwapo. Baada ya vita kuu ya pili Waingereza walikuja kulima karanga hapa, Kongwa na Urambo, mradi ulioanza mwaka 1947 na kufutwa mwaka 1951 ukiwa umekula mamilioni ya pauni na kutoa karanga za kuhesabika. Walijenga reli na bandari ya Mtwara kwa ajili ya karanga hizo. Miaka ya mwanzo ya uhuru reli ikang'olewa. Mashamba yalibaki na namba zake, na Shamba namba 17 likawa kambi ya wapiganaji wa Frelimo, na humo Samora Machel aliwafunza watu waliokwenda kuikomboa Msumbiji. Wapiganaji wale na wakimbizi wa Msumbiji hawakuja na bunduki peke yake. Walikuja na ngoma zao, na kinyago cha mapiko kikacheza upande huu wa Ruvuma kama kilivyocheza ng'ambo.

Basi tutoke mjini. Njia ya Kilimarondo ni ya udongo mwekundu, wekundu wa kuingia hadi kwenye kola ya shati. Ukienda baada ya mavuno utaukuta ufuta umefungwa matita na kusimamishwa shambani ukauke, mstari hadi mstari, na upepo ukipita unausikia. Mikorosho inafuata, halafu miombo, na ndani ya miombo mpingo. Wengi tunaujua mpingo ukiwa umeshang'arishwa. Ukiwa porini ni mti wa kawaida tu, mwembamba, umepinda, una miiba, huwezi kuudhania. Ukiukata, nje ni weupe wa kinjano, na weusi uko ndani kabisa. Fundi anaanza na tezo kuondoa huo weupe, na wakati mwingine anauacha kidogo kwa makusudi, ili uso wa kinyago uwe mweusi na kitambaa chake kiwe cheupe. Mti huo huo ndio unaokwenda Ulaya kutengenezwa klarineti na zumari nyingine za okestra.

Chini ya mwembe nilimkuta mzee anawamba ngoma. Ngozi ilikuwa bado mbichi, ameilaza mdomoni mwa mzinga wa mti, anapigilia vijiti vya pembeni kimoja kimoja na kuzunguka nayo, akivuta hapa, akilegeza pale. Kando yake moto wa majani ulikuwa unangoja zamu yake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umetoka Dar?"

Nikamwambia ndiyo, na nikauliza kama ngoma ile inauzwa.

"Hii ya watoto wa jando, ina wenyewe. Ukitaka ya kununua, acha hela ya ngozi kabisa, nikuwambie nyingine."

Alipomaliza kuipigilia akaisogeza motoni, akaigonga kwa vidole viwili, akasikiliza, akaisogeza tena. Mara ya tatu ndipo akatikisa kichwa kukubali. Sijaona mtunza jumba la sanaa anayeikagua kazi yake kwa makini kuliko yule.

Hapa ndipo penye maonesho ya mwaka ya Kilimarondo, na hayana kamati wala bango. Mavuno yakishaingia na shule zikifungwa, msimu wa jando na unyago unaanza. Ya ndani ya jando hayasimuliwi, na mwandishi anayeyasimulia amekosa adabu, yaacheni. Lakini siku ya kutoka ni ya wote. Wali, yaani vijana waliokuwa ndani, wanatolewa wamepakwa mafuta, kanga mpya zinametameta, akina mama wanaimba nyimbo ambazo mwaka jana hazikuwapo, za simu, za mikopo, za kijana aliyekwenda Dar akarudi na mtindo wa nywele tu. Huku ngoma, kule spika la singeli limefunguliwa hadi mwisho, na hakuna anayeona kuna mgongano. Wasomi wa sanaa wanaita mambo ya namna hii ya kisasa na kuyalipia jumba. Huku yanalipiwa kwa pishi la mbaazi, na mgeni anapewa sahani ya ming'oko iliyochemshwa, na chumvi na pilipili pembeni, bila kuulizwa ni nani. Kama ni msimu wa mabibo, atapewa na uraka, anywe taratibu.

Watu wa nje waliyaona haya mapema. Mwaka 1906, moshi wa vita vya Maji Maji haujatulia, Mjerumani Karl Weule alizunguka Lindi, Masasi na Newala akikusanya vinyago kwa ajili ya jumba la makumbusho la Leipzig, akinasa nyimbo kwenye mitungi ya nta na kupiga filamu za ngoma. Vinyago vile vingi bado viko kwao.

Mwenye haraka asiyeweza kungoja siku ya kutoka kijijini, ateremke Mtwara. Huko kuna tamasha la MaKuYa, lililoanzishwa mwaka 2008 na taasisi ya ADEA, linalowakusanya Wamakonde, Wamakua na Wayao na ngoma zao. Mwaka huo huo wa 2008 Hong Kong nayo ilifungua maonesho ya sanaa ambayo baadaye yalizaa haya ya Art Basel, na Delhi ikaanzisha ya kwake. Sisi tulikuwa sambamba nao, jamani. Tofauti ni kwamba Mtwara vikundi vinashuka kwenye magari kutoka vijijini vikiwa na ngoma mgongoni, na watazamaji wanajua kucheza kuliko kutazama. Lawama yangu ni moja, na naitoa kama mtu wa Nachingwea: Wamwera na Wangindo hatumo kwenye jina. Najua herufi zina kikomo, lakini imeniuma.

Kuna jambo moja ambalo Kilimarondo inalijua na vibanda vile vya Hong Kong havilijui, nalo ni mnada. Korosho, ufuta na mbaazi za huku zinapita kwenye vyama vya ushirika vya AMCOS, zinakwenda ghalani kwa stakabadhi, kisha chama kikuu cha RUNALI, cha wilaya za Ruangwa, Nachingwea na Liwale, kinaitisha mnada. Zamani barua za wanunuzi zilifunguliwa mbele ya wakulima. Siku hizi bei zinaonekana kwenye mfumo wa soko la bidhaa, TMX. Vyovyote iwavyo, mkulima anakaa pale, anasikia bei ya kila mnunuzi, na akiona anadharauliwa anakataa. Mwaka 2018 wakulima wa korosho walikataa kweli kweli, hadi serikali ikaingia na kutangaza itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Mambo hayakwenda yote sawa baada ya hapo, lakini kukataa walikataa.

Sasa mchongaji wa kijiji hicho hicho, jirani wa mkulima yule, anauza vipi? Anauza kangomba, nje ya mnada. Anapita mtu na gari, anaokota vinyago kwa bei ya shida, anakwenda kuviuza kwa bei asiyoisema. Kangomba ya korosho tumeipigia kelele miaka yote, viongozi wameikemea majukwaani, watu wamekamatwa. Ya vinyago hakuna anayeikumbuka.

Ombi langu kwa halmashauri za Nachingwea na Ruangwa ni hili. Msimu wa ufuta minada ikianza, fedha zinapokuwa mikononi mwa watu na wanunuzi wameshafika kutoka Dar na nje, itengwe siku moja ya mnada wa sanaa, kwa utaratibu ule ule: kazi zinawekwa hadharani, bei inasikika na wote, mwenye kazi ana haki ya kukataa. Ifanyike Kilimarondo, si mjini, ili mnunuzi ale vumbi kidogo na aone mpingo umesimama.

Na wewe msomaji usingoje halmashauri. Nenda kati ya Juni na Septemba, njia zikiwa kavu. Beba fedha taslimu, omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na ukiona njia ya jando imefungwa kwa tawi, geuka. Basi linaondoka Dar alfajiri. Kata tiketi siku moja kabla.